Msipake Ukuta wa Nje

Sfax, 14 Mei 1972

Kwa mdogo wangu Taieb,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Mama, na kutoka kwa shemeji yako Mokhtar, ambaye amekaa hapa ubavuni anamenya lozi mbichi na kunipiga kiwiko kila nikianza sentensi. Mwandiko ukikushinda kusoma, mlaumu yeye. Sote wazima. Mama magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Mwanetu Beya ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama mzee wa soko la samaki.

Mwezi ujao tunahamia nyumba yetu ya bustanini, shule zikifungwa tu. Jana nilikwenda na Mama kutazama. Mvua za mwaka huu zimejaza kisima mpaka kwenye mdomo, mitini imebeba tini, na ule mwasumini wa mlangoni, ambao wewe ulisema umekufa, umepanda ukutani mpaka dirishani kwa Ridha. Mama alikucheka kweli. "Taieb huyo, hata mti ulio hai anausomea fatiha!"

Sasa jambo lenyewe. Ridha hajaandika tangu Novemba. Sikukuu ya Kuchinja ilipita bila hata kadi. Kila barua yako inasema "Ridha anawasalimu" na haina hata herufi moja ya mkono wake. Mama hajui kusoma, lakini mwandiko wa kila mtoto wake anautambua kwa sura. Nikimaliza kusoma, yeye huichukua barua, akaigeuza huku na huku akimtafuta Ridha humo ndani.

Jirani yetu Khadouja mwaka huu hapaki chokaa. Mumewe alifariki Februari, na nyumba yenye msiba haipakwi mwaka huo. Ukuta wake umebaki na madoa ya mvua, na kila apitaye njia ya bustani anaujua msiba wake bila kuuliza. Mama alisimama mbele ya ukuta ule, akashika kifua, akasema, "Alhamdulillahi, mimi wangu watatu wote wapo. Mwaka huu tutapaka mpaka watu macho yawaume."

Anataka Ridha mwenyewe aseme madirisha ya chumba chake cha juu yapakwe rangi gani. Mwambie achukue kalamu. Neno moja linatosha.

Dada yako,
Mongia

*

Lyon, 3 Juni 1972

Dada Mongia,

Barua yako imefika ikinuka lozi, kwa hiyo mwambie Mokhtar nimemwona. Mimi mzima. Huku bado kuna ubaridi asubuhi, na mwenye nyumba ametupa ruhusa ya kufungua dirisha kama vile dirisha ni lake peke yake na hewa pia ni yake. Kazi ipo. Wiki hii tumebandika karatasi za ukutani kwa daktari mmoja. Karatasi zina ndege, na mkewe anataka ndege wote watazame upande mmoja. Nimewageuza ndege mpaka shingo yangu mwenyewe imepinda.

Mpe Mama pole ya magoti. Asikae sana kwenye sakafu iliyo kando ya kisima.

Ridha kazi imempeleka milimani. Ni mbali, posta yenyewe ni ya shida, na wewe unamjua na kalamu. Madirisha, anasema buluu. Pakeni buluu tu, kama ya watu wote.

Mbusu Beya mahali palipotoka meno.

Wako,
Taieb

*

Bustanini, Sfax, 25 Juni 1972

Mdogo wangu Taieb,

Tumehamia! Mkokoteni ulikwenda mara tatu: magodoro, mitungi, cherehani ya Mama, na juu kabisa Beya amekumbatia jogoo. Salamu zako zimefika. Mokhtar amekuja kutoka karakana yake ya viatu, amefunga duka siku nne nzima kwa ajili ya chokaa. Anasema wateja watembee peku kidogo, wajue thamani yake.

Laiti ungetuona. Chokaa tuliizima kwa maji kwenye pipa siku ya Jumatatu, ikachemka ikivuma, na Beya akakimbia akijificha nyuma ya mtini. Jumanne tulianza jikoni. Mokhtar alijikunjia kofia ya gazeti, akapanda ngazi, akaanza kuimba. Kila akiimba anatikisika, na kila akitikisika chokaa inanidondokea mimi. Nikamwambia, "We mwanaume, unapaka ukuta au unanipaka mimi?" Akasema, "Nyinyi wote wawili mna nyufa." Mama alicheka mpaka akakalia ndoo. Hajacheka hivyo tangu baridi ianze.

Jikoni kumeng'aa, sebule imeng'aa, mdomo wa kisima umeng'aa. Jioni Mama anachuma asumini, tunaketi kwenye mkeka kufunga vishada, na nyumba nzima inanukia chokaa na maua. Nilijikuta nina furaha, Taieb. Nikaogopa nilipogundua.

Maana kuna ile habari ya buluu. Nilipomsomea Mama, aliniuliza, "Ridha ndiye kasema buluu?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Wewe na mimi tunajua Ridha na buluu. Tangu ana miaka kumi na miwili anachanganya kijani chake mwenyewe, na anatuambia buluu ni ya watu wasio na fikra. Mliwahi kutiana makonde kwa sababu hiyo, juu ya paa hili hili. Mwisho Mama akasema, "Ufaransa inabadilisha watu." Akamtuma Mokhtar akanunue buluu.

Nakuuliza wazi: mmegombana? Mmetengana nyumba? Kaoa huko na anaona haya? Lolote lile, linazoeleka. Niambie mimi, Mama nitajua namna ya kumwambia.

Chumba cha Ridha na ukuta wa nje tumeviacha mwisho, mwanzoni mwa Agosti, vijana wetu walioko Ulaya wakianza kurudi. Mama anataka Ridha akitokea kwenye njia aione nyumba kutoka mbali. Hamadi, yule mtoto wa muuza mkaa mnayefanya naye kazi huko, mama yake anasema anafika tarehe tano. Tutamuuliza na yeye.

Mongia

*

Lyon, 18 Julai 1972

Dada Mongia,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima.

Naomba jambo moja na usiniulize sababu. Chumba cha Ridha, msikipake. Na kama hamjapaka ukuta wa nje, msiupake mwaka huu.

Taieb

*

Bustanini, Sfax, 30 Julai 1972

Taieb,

Salamu nitakupa siku nyingine.

Barua yako niliipokea kwa mtu wa posta getini, na kwa bahati Mama alikuwa nyuma anaanika nyanya. Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama. Halafu nikaingia jikoni, nikakaa chini, nikatazama ukuta tulioupaka kwa nyimbo.

Unanikataza nisiulize sababu. Sababu ya nyumba kutopakwa ni moja, hata Beya anaijua. Umeniandikia mistari mitatu ili nijue na wewe usiwe umesema. Tangu lini umekuwa mwoga kiasi hicho? Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unakileta vipande mkononi.

Nilimwonyesha Mokhtar. Alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena, akasema, "Labda yuko gerezani tu." Fikiria, Taieb. Tumeketi jikoni watu wawili wazima tunamwombea ndugu yetu gereza.

Mama sijamwambia. Nitamwambia nini? Kwamba mwanao kaandika msipake? Kila asubuhi anaikoroga chokaa isigande. Anasema, "Leo tuanze, jua ni zuri." Tumemwambia kwamba mgongo umemkamata Mokhtar. Sasa Mokhtar analala kwenye mkeka siku nzima anagumia, na Mama anamkanda kwa mafuta ya zeituni ya moto mpaka amebabuka ngozi. Analia kweli usiku, na si kwa mgongo.

Nataka uniandikie kila kitu. Lini, wapi, vipi, na yuko wapi sasa. Nimechoka kudanganya kwa niaba yako kuhusu mambo nisiyoyajua.

Mongia

*

Lyon, 9 Agosti 1972

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi kuliko nitakavyokwambia.

Ridha amefariki. Ni tangu tarehe ishirini na sita Novemba.

Tulikuwa tunapaka shule moja huko milimani, saa mbili kwa treni kutoka hapa. Mimi, yeye na Hamadi. Tulikuwa na zamu za kupanda jukwaa la mbao la wapakaji, na asubuhi ile zamu ya juu ilikuwa yangu. Kulikuwa na barafu. Nilikuwa nimekunywa usiku uliopita, Dada, usimwambie Mama hilo, mikono ilikuwa inatetemeka. Ridha akaitazama mikono yangu akasema, "Shuka wewe, utapaka mpaka wingu." Akapanda yeye. Ubao ulikuwa na barafu upande wa mwisho. Sikumwona akianguka. Nilikuwa nakoroga rangi. Nilisikia ndoo kwanza.

Hakuteseka. Naiandika kwa sababu daktari aliniambia, na mimi nilikuwepo, na ni kweli.

Wenye kazi waliniletea karatasi nichague: kumrudisha nyumbani au kumzika huko huko. Gharama walikuwa tayari kuibeba wao, hilo usilitilie shaka. Mimi ndiye niliyechagua. Niliona Mama amesimama mlangoni, sanduku linaingia, na mimi niko nyuma yake na miguu yangu miwili. Niliona atakavyoniuliza, "Nani alikuwa juu?" Nikatia saini azikwe huko. Tulimzika mimi na Hamadi na wazee wanne wa Kialgeria tusiowajua, Mungu awalipe. Niliapa nitawaandikia kesho yake. Kesho yake nikaandika kwamba anawasalimu.

Ukishaandika hivyo mara moja, barua ya pili inajiandika yenyewe.

Halafu ukaniuliza rangi. Nilikaa na ile barua siku tisa. Nilijua ni kijani. Mkono wangu haukuweza kuandika kijani, ningekuwa nasema kwa mdomo wake. Nikaandika rangi ambayo asingeitamka kamwe. Sijui, labda nilitaka unikamate.

Hamadi aliniambia kabla ya kuondoka kwamba akifika huko hatasema uongo mbele ya Mama. Ndiyo maana niliandika msipake. Sikuweza kuvumilia Hamadi aikute nyumba nyeupe.

Tangu siku ile sijarudi kaburini. Treni ipo kila siku.

Nifanye utakavyo.

Taieb

*

Bustanini, Sfax, 24 Agosti 1972

Taieb,

Mama yuko hai, ana nguvu kiasi, anakula kidogo. Naanza na hilo maana najua utalitafuta kwanza. Beya na Mokhtar wazima. Mgongo wa Mokhtar umepona siku ile ile Mama alipojua, na hakuna aliyecheka.

Hamadi alikuja tarehe saba. Aliketi ukingoni mwa mkeka kama mtu anayesubiri kuitwa polisi. Mama akamwekea kuskusi ya samaki, akamuuliza, "Ridha wangu amenenepa?" Hamadi akasema, "Khalti, mama yangu, muulize Taieb," akaondoka, sahani haijaguswa. Mama akaniambia, "Taieb kagombana na Ridha. Tutawapatanisha." Nikasema ndiyo, tutawapatanisha. Mungu anisamehe.

Barua yako ilifika Jumamosi jioni. Nililala nayo kifuani, nikipanga maneno. Asubuhi niliamka nikasikia ngazi inagonga ukuta wa nje. Nikatoka mbio bila kitambaa kichwani. Mama, na magoti yale, yuko kwenye kidato cha nne cha ngazi na ndoo ameining'iniza kwenye ndoano, anapaka. Ameshapaka kama upana wa mlango. Akanigeukia ana furaha, chokaa imemchuruzika kwenye mkono mpaka kwenye kiwiko. "Mumeo na mgongo wake wakae," akasema. "Mwanangu akija akute kumepauka, mimi nitasema nini?"

Maneno yangu yote ya usiku yalipotea. Nikasema, "Mama, tusipake."

Hakuniuliza kwa nini. Brashi ilibaki ukutani, hakuishusha. Akauliza, "Yupi?"

Nikamwambia Ridha.

Akaegemeza paji la uso kwenye kidato cha ngazi. Kisha akauliza polepole, "Taieb mzima?" Nikasema mzima, ameandika kwa mkono wake, barua ninayo. Akasema, "Alhamdulillahi." Na papo hapo akajipiga kofi mdomoni, kwa kiganja kile kile chenye chokaa, kwa sababu ameshukuru. Akajipiga tena. Nilipanda, nikamshika mikono, tukashuka kidato kimoja kimoja tumeng'ang'aniana. Midomo yake iliungua na chokaa, tulimpaka mafuta siku tatu. Kila ikimuuma anasema ni haki yake.

Ujue jambo hilo, Taieb. Uliogopa atakuuliza kwa nini ni wewe uliye mzima. Mama yako alimshukuru Mungu kwa ajili yako kabla hajamlilia Ridha, na sasa hajui atajisamehe vipi.

Ukuta umebaki hivyo hivyo. Upana wa mlango mmoja mweupe, kwingine kote madoa. Mokhtar alitaka kuukwangua, Mama akakataa. Watu walipita, wakauona, wakaelewa. Khadouja alikuwa wa kwanza, alikuja na sufuria la kuskusi kichwani, akaingia moja kwa moja jikoni bila kuuliza nani. Mpaka leo anatuoshea vyombo.

Nimemwambia Mama kwamba ni barafu, ubao na haraka. Habari ya zamu sijamwambia, wala ya mikono iliyotetemeka. Si kwa kukuonea huruma. Hiyo ni yako, utaileta mwenyewe, utaketi mbele yake na kuisema. Mimi sijakusamehe, naandika wazi ili usije na matumaini mabaya. Ulituibia maziko. Mama angemwosha uso angalau. Lakini njoo. Mama hajasema njoo, amesema tu kitanda chako kiwekwe sebuleni, maana juu hataki mtu alale.

Hajataka kujua ni mji gani wala kaburi lina jiwe gani. Anauliza jambo moja tu, asubuhi na jioni, akiwa na kopo mkononi anamwagilia mirehani: "Nani anamwagilia mwanangu maji huko?" Mara ya kwanza niliingia ndani. Mara ya pili nikashindwa, nikamjibu ni wewe, kila Ijumaa, unakwenda kwa treni. Akaitikia, akaendelea na mirehani yake. Jioni ile alikula.

Barua hii ikikufikia, kesho yake au keshokutwa itakuwa Ijumaa. Treni ipo, umesema mwenyewe. Nenda na maji.

Dada yako,
Mongia